Diski Iliyokuwa Ikisikia Ngoma

Siku mliyoniaga pale redioni, Brian, mlinipa keki na kalamu, ukasema, "Madam, tuandikie kitu kuhusu hizo diski zenu za zamani za kompyuta. Sisi tulikuta zimeshanyamaza." Keki imekwisha. Kalamu bado iko kwenye kisanduku chake. Ombi lako nimelishika kwa sababu tangu nirudi nyumbani hapa Lurambi nimegundua jambo la ajabu: mikutano siikumbuki, vyeo sivikumbuki, hata ile ofisi yenye zulia niliyoililia miaka mingi imenitoka akilini. Lakini mlio wa diski ikizunguka nimeukosa kama mtu anavyomkosa mtu. Alasiri mvua ikianza kugonga mabati, mimi hutega sikio nikingoja na ule mlio wa pili, nao hauji.

Nilifika redioni nikitoka kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio za kaseti karibu na soko la Kakamega. Nilidhani nitashikishwa chuma cha kulehemu. Badala yake nilikabidhiwa kwa fundi wa mitambo, Mzee Ambani wa Iguhu, mtu mfupi aliyevaa sweta hata jua likiwaka, na bisibisi daima katika mfuko wa shati. Hakunionyesha kompyuta yoyote. Alisimamisha ncha ya bisibisi juu ya diski iliyokuwa ikifanya kazi, akaniinamisha kichwa mpaka mpini wake ukagusa sikio langu.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kitu inazunguka."

"Hiyo ni kuzunguka. Nyingine?"

"Kama mtu anatafuna mahindi ya kuchoma."

"Hapo sasa! Huo ni mkono wa kusoma. Unarukaruka ukitafuta faili. Ukisikia inatafuna hivyo, jua kazi iko nyingi. Ikinyamaza ghafla, usikimbie kompyuta, kimbia kuniita mimi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, kwa sikio. Na neno la kwanza alilonikanya nalo ndilo alilolirudia mpaka siku aliyostaafu. Nilikuwa nimenyoosha mkono nizime seva baada ya kunakili kipindi, maana kioo kilishasema kazi imekwisha. Akanishika kiwiko. "Ngoja kidogo, Musimbi, bado inaandika." Wageni walidhani ni uchawi. Ukweli ni kwamba Linux, mfumo ulioendesha seva zetu, huweza kukuambia imemaliza wakati data bado iko kwenye kumbukumbu, haijafika chini kwenye sahani ya diski. Ukizima hapo, umejizibia riziki. Ambani alisikia kwa masikio yake kama diski imemaliza kweli. Tulimcheka, lakini tulingoja.

Kungoja tulikujua vizuri zama zile. Mnajua radi za hapa kwetu. Umeme ukikatika mara moja bila heshima, seva ikirudi ilianza kukagua mafaili yote, moja baada ya jingine, na diski ya kuzunguka haina haraka. Mtangazaji alipiga wimbo mmoja wa injili, akaupiga tena, akaomba wasikilizaji waendelee kubarikiwa. Kuna mama wa Matete alipiga simu kuuliza kama mtangazaji ameokoka siku hiyohiyo. Tulipohamia mifumo yenye jarida, ile inayoandika kwanza inachokusudia kufanya kabla ya kukifanya, ukaguzi ukawa mfupi sana, na Ambani akafurahi kama mtu aliyepata ng'ombe wa maziwa.

Tangu hapo likamwingia jambo la kupima. Mfumo gani wa mafaili, yaani namna ya kuyapanga kwenye diski, ni bora kwa redio yetu, ext4 au XFS? Alikuwa na diski moja ya majaribio, aliyoikwarua herufi A kwa bisibisi, na kila tukipata toleo jipya la Linux aliifuta, akaipanga upya kwa mfumo huu, akapima, akaipanga kwa ule, akapima tena. Kosa langu la kwanza kila mwanafunzi hulifanya: nilinakili faili mara mbili, mara ya pili likaenda mbio, nikashangilia. Akanitazama kwa huruma. "Hujapima diski. Umepima kumbukumbu ya kompyuta. Ni kama kuuliza mtu bei ya sukari na yeye ametoka dukani sasa hivi." Ilibidi kuisafisha kumbukumbu kila mara kabla ya kupima, na yeye alisimama nyuma yangu kuhakikisha.

Basi tukagundua yetu. Ukiwa na folda ya vibwagizo, vijifaili vidogo kwa maelfu vilivyotawanyika, diski ya kuzunguka inateseka, mkono wa kusoma unarukaruka mpaka unauhurumia, na hapo ext4 ilitupendeza zaidi. Ukiwa na faili moja refu, kama ibada nzima ya Jumapili pamoja na mahubiri ya mchungaji asiyejua kumaliza, diski hiyohiyo inatulia, inasoma mfululizo, na hapo XFS ilikuwa nyumbani kwake. Tulibishana hayo kwenye chai mpaka mpishi akatukataza meza ya karibu na jiko. Ninayaandika haya na natamani hata ule ubishi. Sina wa kubishana naye juu ya XFS hapa Lurambi.

Kwa kupimia faili refu alirekodi lake mwenyewe. Aliingia studio, akanikalisha kwenye mashine, akazungumza peke yake mpaka faili likawa kubwa la kutosha. Tuliliita ambani-jaribio. Kila diski iliyoingia redioni kuanzia siku ile ilibeba faili hilo kwanza, kisha ndipo ikapewa kazi. Na mnajua faili la kupimia lilivyo: linanakiliwa, halisikilizwi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeketi kulisikiliza mpaka mwisho.

Kesi ngumu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya isikuti, ngoma ya kwetu. Kila kundi la ngoma lilipoletwa kupiga moja kwa moja studioni, kurekodi kulikwama. Sauti inakatika, inarudi, inakatika. Tukabadilisha nyaya, tukabadilisha maikrofoni, tukailaumu XFS, tukailaumu ext4. Wapiga ngoma wakaanza kununa, wakasema redio yetu haitaki mambo ya nyumbani. Ambani akawaomba wapige tena, akaenda chumba cha seva na bisibisi yake sikioni. Alirudi akicheka machozi yakimtoka. Chumba cha seva kilipakana na studio kwa ukuta mmoja tu, na diski zilifungwa kwenye ukuta huohuo. Ngoma ikilia, diski inatikisika, mkono wa kusoma unakosa njia yake, unarudi kujaribu tena.

"Diski yetu inacheza isikuti," aliwaambia. "Mtu hawezi kucheza na kuandika mara moja."

Tulihamisha seva ukuta wa pili, tukazitandikia diski godoro la zamani la mtoto. Ule mdundo ukarekodiwa vizuri mpaka mwisho, na wazee wale wakaondoka wakitamba kwamba ngoma yao ndiyo iliyowahi kuitikisa kompyuta.

Sasa niwaeleze desturi ambayo nyinyi mmeikuta mkidhani ni amri ya serikali. Matangazo ya vifo ndiyo moyo wa redio yetu. Watu wa kule vijijini huzima kila kitu kuyasikiliza. Zamani tangazo la mtu aliyekwisha kuzikwa lilirushwa tena hewani kwa bahati mbaya. Ndugu wa Buyangu wakafunga safari na kuku mkononi, wakaingia kwenye boma wakilia, wakamkuta mjane anapukuchua mahindi. Ikachukuliwa kwamba tumeita kifo cha pili katika boma lile. Wazee walikuja ofisini, wakakaa, wakasema yao, na meneja akatoa neno: aliyezikwa asibaki kwenye mashine zetu. Ambani akaandika programu ndogo ya kufagia. Kwa kuwa familia moja huacha tangazo, shukrani na hata wimbo, na mafaili hayo husambaa kila folda, programu ilitafuta jina la marehemu kwenye diski nzima, ikafuta kila faili linaloanza nalo. Katibu aliandika tu jina na siku ya mazishi.

Kisha zikaja SSD, diski zisizo na kitu kinachozunguka. Ya kwanza ilifika kwenye bahasha, nyepesi, nikafikiri wametuletea kasha tupu. Ambani akaweka bisibisi juu yake, akatega sikio kwa muda mrefu. "Hakuna mtu ndani," akasema. Tukapima. Ile folda ya vibwagizo, iliyokuwa ikitupa nafasi ya kwenda chai na kurudi, iliisha nikiwa bado nashika mpini wa kikombe. Faili refu nalo lilikwenda haraka, ingawa hapo tofauti haikuwa ya kutisha kama kwa vidogo. Lakini lililomvunja nguvu ni hili: tulipolinganisha ext4 na XFS juu ya SSD, kwa kazi zetu, tofauti ilikuwa ndogo mno hata haikustahili kikombe cha chai. Mkono wa kusoma haupo, hakuna wa kurukaruka. Isikuti ilipigwa ukutani na SSD haikujali.

"Sasa tutabishana nini?" aliniuliza.

Nilicheka. Leo swali hilo halinichekeshi.

Jambo moja alilolitilia mkazo nataka mlishike. Ukifuta faili kwenye diski ya kuzunguka, kinachofutwa ni anwani yake; maneno yenyewe hubaki kwenye sahani mpaka kitu kingine kiandikwe juu. Ukiwahi, unaweza kulirudisha. SSD huambiwa na Linux kwamba sehemu hizi hazitumiki tena, nayo huzisafisha mwenyewe kimyakimya. Unaweza kuamuru amri hiyo itolewe papo hapo kila faili linapofutwa, au itolewe mara moja kwa wiki. Ambani alichagua Jumapili alfajiri. Alisema mtu aliyefuta kwa kukosea apewe muda wa kutubu kabla ya ibada.

Alistaafu akabaki Iguhu na ng'ombe wake. Alinipigia simu kila radi kali ilipopiga, kuuliza seva imeamkaje. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haina picha wala jumbe za sauti, na hakutaka nyingine. Katika mwaka wangu wa mwisho kazini akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Tangazo lake tulilirekodi sisi wenyewe. Mtangazaji alirudia mara tatu kwa sababu alikuwa akilia. Tulimzika siku ya Ijumaa, ofisi nzima ikiwa Iguhu.

Baada ya siku ya kunyolewa, wafiwa walipomaliza matanga, nilirudi kwa mjane wake, Mama Shisia. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Aliniona kama kivuli mlangoni. Wajukuu walikuwa wakipanga picha za mazishi mezani.

"Hizi picha watoto wanaweka hapa, mimi nitafanyia nini?" aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu. "Macho yangu imekwisha. Mama Imali, huyu mzee alikuwanga kwa redio maisha yake yote. Hamna sauti yake hata kidogo? Usiku nasahau vile alikuwa anaongea. Nakumbuka maneno, sauti inaanza kunipotea."

Nikamwambia ipo. Niliapa kabisa. Nilitoka pale na furaha, kwamba lile faili la kupimia, lililozunguka kwenye kila mashine yetu, sasa lina kazi.

Brian, wewe ulikuwepo. Tulitafuta ambani-jaribio, tukatafuta tena. Tukafungua nakala za akiba. Ndipo tulipoona orodha ya vilivyofagiwa, jina lake juu. Katibu aliandika siku ya mazishi kama inavyotakiwa. Programu ikafanya kama ilivyoandikwa: ikatafuta kila kinachoanza na jina la marehemu, ikalichukua tangazo, ikachukua na sauti ya yule mwenyewe aliyeiandika programu hiyo. Akiba yetu ilikuwa ya kufuata kama kioo, kilichofutwa huku kinafutwa kule. Na Jumapili alfajiri ilikuwa imeshapita.

"Madam, hii imeenda," ulisema. "Nimesoma hizo sehemu zote. Ni sifuri tupu."

Nilikwenda stoo kukaa peke yangu, nikausukuma mlango, nao ukakwama pale unapokwama siku zote, kwa sababu ya kile chuma kilichowekwa chini kuuzuia. Niliinama kukiondoa. Kilikuwa na herufi A iliyokwaruzwa kwa bisibisi.

Diski ya majaribio! Tangu SSD zije haikuwa imewashwa, kwa hiyo ule ufagio haukuifikia. Ambani alikataa itupwe. Alisema imezeeka, haijafa, basi ikapewa kazi ya mlango. Niliifuta vumbi kwa kanga yangu. Lakini diski iliyolala miaka huweza kugoma, mkono ukanata kwenye sahani, na ikigoma unaweza usipate nafasi ya pili. Nilimweleza Mama Shisia hivyo kwa simu, nikamwomba angoje nyumbani. Hakusikia la mtu. Alikuja mchana wa siku iliyofuata, mjukuu akimshika mkono, akaketi kwenye kiti cha Ambani bila kuambiwa ni cha nani.

Nikaiunganisha. Kwanza hakuna kitu. Kisha mguno, kisha ule mlio ukapanda polepole, ukatulia. Kwa miaka sikuwa nimesikia diski ikizunguka ofisini mwetu.

"Ndiyo yeye?" Mama Shisia aliuliza.

"Bado, mama. Hiyo ni diski tu."

"Hii ndiyo alikuwanga anasikiza na bisibisi?"

"Ndiyo hii."

Akasogeza kiti. Nilitoa bisibisi yangu, nikamwekea mpini sikioni kama nilivyowekewa mimi. Tulianza kunakili diski nzima kabla ya kugusa faili lolote, maana diski mgonjwa usiitume mara mbili. Ilikwenda vizuri, ikafika mahali ikaanza kukwaruza, inarudi, inajaribu, inarudi. Wewe, Brian, ulishika waya. "Madam, imekwama. Nichomoe kabla haijaharibu zaidi?" Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini Mama Shisia, bisibisi sikioni, akainua mkono.

"Haijakwama," alisema. "Inatafuta."

Ikatafuta mpaka ikapita. Nakala ilipokamilika palikuwa na matundu machache yasiyosomeka, na XFS ya mwisho ya Ambani ikafunguka ikiwa nzima. Ndani yake mlikuwa na faili moja.

Tukalicheza. Kwanza kikohozi. Kisha sauti yake, si ya mgonjwa, ile ya enzi zetu. "Jaribio, jaribio. Hapa ni Kakamega, na mvua inakuja. Sasa niseme nini, Musimbi? Hii kitu inataka maneno mengi." Akasema habari za ng'ombe, za barabara ya Iguhu, mahali pengine sauti inapotea kwenye tundu na kurudi katikati ya neno. "Leo nimechelewa kazini, mnisamehe. Mama Shisia alinipikia ingokho na obusuma, na mimi siwezi kuacha ingokho ya mama Shisia kwa sababu ya diski."

"Mwongo!" Mama Shisia alipiga paja. "Mwongo huyu! Kuku wapi! Ilikuwa ugali na mboga! Siku zote ilikuwa mboga!" Alicheka, machozi yakashuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Mjukuu wake alicheka pia. Wewe ulitazama dirishani, nilikuona.

Mwishoni kabisa ilisikika sauti ya msichana kwa mbali. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi. "Mzee, nizime?"

"Ngoja kidogo," alisema Ambani. "Bado inaandika."

Faili likaisha hapo. Nakala ilikuwa salama mahali pengi, kazi ya diski ile imekwisha, na busara ilitaka iachwe ipumzike. Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Mama Shisia akausikia mkono wangu ukipita, akanishika kiwiko, palepale aliponishika mumewe.

Sikuizima. Tuliketi tukiisikiliza ikizunguka, na nje mvua ikaanza.